Miguu mbele, breki wapi?

Jamani, leo sitaandika kuhusu programu. Waliokuja kutafuta sehemu ya pili ya yale mambo ya hifadhidata mniwie radhi, itakuja. Leo nataka tuzungumze kuhusu pikipiki, na hasa kuhusu mahali pa kuweka miguu.

Sababu ni hii. Jamaa tunayefanya kazi pamoja amenunua kruza mwezi uliopita. Kabla hajaiendesha hata kilomita mia moja alinitumia picha tatu za vikanyagio vya mbele, vyote vinang'aa kama sufuria mpya, akaniuliza, "Nichukue gani hapa?" Nilimjibu kwa mistari miwili kwamba asichukue chochote kwanza. Hakupenda. Akasema mimi nimekuwa mzee. Basi hili ndilo jibu refu, na kama bado atanunua, angalau atanunua akijua.

Tuanze na maneno ili tusipotezane. Kwenye boda boda ya kawaida futresti ziko karibu chini ya makalio yako. Mguu wa kushoto unabadilisha gia, wa kulia unakanyaga breki ya nyuma, na magoti yamekunjika kama ya mtu aliyekaa kwenye kiti cha jikoni. Hivyo naviita vikanyagio vya kati. Kruza ni zile pikipiki ndefu na za chini, zenye kiti kipana na usukani uliorudishwa nyuma kumfuata mwendeshaji. Vikanyagio vya mbele ni pale futresti, gia na breki vyote vinapohamishwa hadi mbele ya injini, jirani na gurudumu la mbele. Hapo unakaa kama uko kwenye kiti cha kinyozi, miguu imenyooka, mgongo umeegemea hewa.

Mtindo huu ulitoka Marekani, na mwanzoni ulikuwa na sababu ya maana. Baada ya Vita Kuu ya Pili vijana wa kule walikuwa wanakata vyuma visivyohitajika kwenye Harley zao, baadaye wakaanza kurefusha uma wa mbele na kushusha kiti. Ukishusha kiti na futresti zikabaki palepale, magoti yanapanda juu kama ya panzi. Huwezi kuzishusha futresti zaidi kwa sababu zitagusa lami kwenye kona. Njia pekee ya kulifungua goti ni kusogeza mguu mbele. Kisha mwaka 1969 ikaja filamu ya Easy Rider, na dunia nzima ikaona jinsi mtu anavyopendeza akiwa amenyoosha miguu kwenye barabara tupu. Kufikia 1980 Harley-Davidson wenyewe walikuwa wanauza Wide Glide ikiwa hivyo kutoka kiwandani.

Sasa kumbuka vitu viwili katika hadithi hiyo: kiti cha chini na barabara tupu iliyonyooka. Tutavirudia.

Kwanza niseme vizuri kwamba siwachukii watu wa miguu mbele. Hata watengenezaji hawajakubaliana. Katika familia ileile ya Sportster, Harley walitoa Iron 883 mwaka 2009 ikiwa na vikanyagio vya kati, na mwaka uliofuata wakatoa Forty-Eight ikiwa na vya mbele. Mwaka 2021 walipoleta Sportster S iliyobuniwa upya, iliingia sokoni na vya mbele, na mwaka 2022 Nightster ikaja na vya kati. Honda walipoleta Rebel 500 mwaka 2017 waliweka miguu katikati. Royal Enfield kwenye Meteor 350 ya mwaka 2020 walisogeza miguu mbele kidogo tu, si mpaka mwisho. Kungekuwa na jibu moja sahihi, hawa wote wangeshalipata.

Waliofanya kama mtu wa programu angefanya ni Kawasaki. Vulcan S, iliyotoka mwaka 2015, ina kitu wanachokiita Ergo-Fit. Futresti zina nafasi tatu: ya katikati, inchi moja mbele, na inchi moja nyuma. Kuna viti vya kuchagua na usukani wa kuchagua. Yaani walikiri tangu mwanzo kwamba watumiaji hawana miili sawa, wakaacha mpangilio ubadilishwe. Na tazama ukubwa wa hatua yenyewe: inchi moja! Watu wanaolala na kuamka wakipima miili ya waendeshaji waliona inchi moja inatosha kubadilisha kila kitu. Huku sisi tunaagiza kutoka ng'ambo vyuma vinavyosogeza mguu inchi tano au sita kwa sababu vilipendeza kwenye picha.

Haya, najua wapi mambo haya yanauma kwa sababu yaliniuma mimi.

Pikipiki yangu ni Yamaha Drag Star 650 niliyoinunua ikiwa imetumika. Kiwandani Drag Star imesogezwa miguu mbele kiasi, na kwa mtu wa kimo changu, futi tano na inchi saba, inakaa vizuri tu. Lakini aliyeimiliki kabla yangu alikuwa mrefu, na alikuwa amefunga vikanyagio vya mbele zaidi vya kununua, vya kampuni ambayo jina lake halijaandikwa popote kwenye chuma. Mimi nilipoiona nilifurahi. Nilisema moyoni, huyu ameniokolea pesa! Nilipokaa juu yake mguu wa kulia ulifika, lakini ulifika kwa ncha. Kisigino kwenye futresti, vidole vikigusa kikanyagio cha breki kwa shida, na makalio yakiwa yamesogea mbele kwenye kiti kama mtoto anayejaribu kufikia breki za gari la babake. Nikasema nitazoea.

Nilizoea, hilo ndilo tatizo. Miezi mitatu sikuona kasoro. Halafu Jumapili moja nilikuwa natoka Magadi, napanda kuelekea Kiserian. Wanaoijua ile barabara wanajua ilivyo: huko chini Olorgesailie joto kama tanuri, halafu unapanda kona baada ya kona mpaka baridi inakukuta juu. Mgongo ulikuwa umechoka na nilikuwa nimejirudisha nyuma kwenye kiti ili nipumue. Lori lililokuwa mbele yangu likasimama. Nilibana klachi, nikabana breki ya mbele, nikakanyaga ya nyuma, na mguu ukakanyaga hewa. Kisigino kilikuwa kimeteleza kwenye futresti na vidole havikufika. Nilijisogeza mbele kwenye kiti, nikakanyaga tena, nikaipata, lakini kwa wakati huo gurudumu la mbele lilikuwa limeshaingia kwenye mchanga wa kando na limeanza kuteleza. Nilisimama hatua mbili hivi kutoka kwa bampa. Sikuanguka. Nilikaa pale kando ya barabara nikinywa maji mpaka mikono ikaacha kutetemeka.

Nilipofika nyumbani nilipiga hesabu, kwa sababu ndivyo nilivyo. Kwa kilomita 60 kwa saa unakwenda karibu mita 17 kila sekunde. Nusu sekunde ya kutafuta kikanyagio ni mita 8 na zaidi. Kwa kilomita 80 kwa saa, nusu sekunde hiyohiyo ni mita 11. Hatua mbili nilizobakiwa nazo zilikuwa bahati tu.

Kuna watakaosema breki ya mbele ndiyo breki, ya nyuma ni mapambo. Kwenye pikipiki fupi na ndefu kwenda juu, kama zile za mashindano, wana haki kwa kiasi kikubwa, maana ukibana breki uzito wote unaruka mbele na gurudumu la nyuma linabaki jepesi. Kruza si hivyo. Ni ndefu, ni ya chini, uzito wake umekaa karibu na ardhi na wewe mwenyewe umekaa nyuma. Unapofunga breki, gurudumu la nyuma linabaki na uzito wa kutosha wa kufanya kazi ya maana. Juu ya hayo, Drag Star 650 ina diski moja mbele na dramu nyuma, na ukiongeza mwendeshaji ni zaidi ya kilo 250 zinazohitaji kusimama. Kwenye pikipiki ya namna hiyo kuipoteza breki ya nyuma si jambo dogo. Na kwenye mwendo wa polepole, unapogeuka kwenye changarawe au kupenya kati ya magari, ile breki ya nyuma ndiyo hasa unayoitegemea, kwa sababu ya mbele inaweza kukuangusha kabla hujajua.

Siku ya pili nilimpelekea fundi wangu. Huyu ni mtu wa maneno machache. Alikaa juu ya pikipiki, yeye ni mfupi kuliko mimi, akanyoosha mguu, akaniangalia.

"Bosi, miguu iko mbele sawa. Breki iko wapi?"

Kisha akashuka, akakishika kikanyagio cha breki kwa vidole viwili na kukitikisa. Kilicheza. Akakishika cha gia, nacho kikacheza. Akafuata ile rodi ndefu inayotoka kwenye kikanyagio mpaka kule nyuma, akaonyesha kila kiungo kwa bisibisi bila kusema kitu.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndiyo sehemu ambayo picha za matangazo hazionyeshi. Unaposogeza kikanyagio mbele, gia na breki zenyewe hazisogei. Shimo la gia linabaki pale lilipo kwenye injini, dramu inabaki kwenye gurudumu la nyuma. Kilichobadilika ni urefu wa ujumbe. Katikati sasa kuna rodi, na kwenye kila ncha ya rodi kuna kiungo cha gololi, na kikanyagio chenyewe kinazunguka kwenye boshi yake. Kila kiungo kikilika kidogo, kinaongeza uchezaji. Na uchezaji huo hauji kwako ukiwa vilevile. Tuseme kikanyagio chako kina urefu wa sentimita 15 kutoka kwenye mzunguko wake hadi kwenye vidole, na mkono unaovuta rodi una sentimita 5. Hiyo ni mara tatu. Uchezaji wa milimita 1 kwenye kiungo unakuwa milimita 3 kwenye vidole vyako. Viungo vitatu vilivyolika milimita moja kila kimoja ni karibu sentimita moja nzima ya kukanyaga ambayo haifanyi chochote. Sisi tunaoandika programu tunaujua ugonjwa huu. Kila tabaka unaloliweka kati ya mtumiaji na kazi yenyewe lina gharama yake, hata kama kila tabaka peke yake linaonekana halina hatia.

Upande wa gia kuna jingine. Rodi ikutane na mkono wa gia karibu kwa pembe mraba wakati gia ikiwa imetulia. Ikija kwa pembe kali, nguvu ya mguu inapotea, na utajikuta unapanda kutoka ya kwanza kwenda ya pili na kukwama kwenye nyutro, kwenye makutano, huku matatu nyuma yako inakupigia honi. Yangu ilikuwa hivyo. Nilidhani gia zimechakaa! Nilikuwa nimeshaanza kuulizia bei ya kufungua injini. Fundi alilegeza nati mbili, akazungusha rodi (upande mmoja uzi wake ni wa kulia, mwingine wa kushoto, kwa hiyo ukiizungusha inarefuka au kufupika), akahamisha mkono jino moja, akafunga. Dakika kumi.

Kama pikipiki yako ina diski nyuma badala ya dramu, mara nyingi silinda kuu ya breki nayo inahamishwa mbele, na hapo mrija wa mafuta unahitaji kuwa mrefu zaidi na hewa itolewe upya. Hiyo si kazi ya kufanyia chini ya mti huku mkizungumza siasa. Angalia pia mafuta ya breki yenyewe. DOT 4 na DOT 5 hazichanganywi, moja ni ya glaikoli na nyingine ni ya silikoni, na ufanano wa namba usikudanganye. Kilichoandikwa kwenye kifuniko ndicho unachoweka.

Sasa barabara. Nilisema tutairudia.

Vikanyagio vya mbele vilizaliwa kwenye barabara ambayo unaweza kwenda saa nzima bila kubadilisha gia. Sisi tuna matuta. Tuna matuta yaliyopakwa rangi, matuta yaliyofutika rangi, na matuta ambayo wananchi waliyatengeneza wenyewe baada ya ajali, ambayo unayagundua ukiwa juu yake. Ukiwa na miguu katikati, tuta likija unahamisha uzito kwenye futresti na kuinua makalio sentimita mbili. Magoti yako yanakuwa shokamzoba za ziada, za bure. Ukiwa na miguu mbele huwezi. Jaribu sasa hivi hapo ulipo: kaa kwenye kiti, nyoosha miguu mbele, halafu jaribu kusimama bila kuirudisha. Haiwezekani. Kwa hiyo tuta lote, kila kilo yake, linapita kwenye makalio na kupanda uti wa mgongo. Na kruza nyingi hazina nafasi kubwa ya shoka za nyuma, ndiyo maana kiti kiko chini.

Kwa mtu anayekaa mbele ya kompyuta saa tisa kwa siku hili si jambo la kupuuza. Mgongo wangu wa chini ulikuwa tayari na malalamiko yake kabla sijanunua pikipiki. Nilikuwa nahama kutoka kiti kibaya kwenda kiti kingine kibaya na kukiita mapumziko.

Halafu kuna upepo. Miguu ikiwa mbele, kifua chako kinafunguka kama tanga la jahazi na hakuna kinachokuzuia kurudi nyuma isipokuwa mikono. Nguvu ya upepo inakua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo kutoka 80 hadi 100 kwa saa haiongezeki kwa robo, inaongezeka kwa zaidi ya nusu. Safari ya Nairobi kwenda Mombasa ni kama kilomita 480. Kuning'inia kwenye usukani kwa umbali huo ni mazoezi ya mwili, na ukifika Mtito Andei mabega yatakuwa yameshakuambia. Kioo cha mbele kinasaidia sana hapa. Ajabu ni kwamba wengi wanaonunua vikanyagio vya mbele wanakataa kioo kwa sababu hakipendezi.

Na foleni. Kila unaposimama mguu unashuka, kila unapoondoka unapanda. Ukiwa na vya kati safari ya mguu ni fupi. Ukiwa na vya mbele unautupa mguu mbele kila mara, na wa kushoto lazima uipate gia. Mara moja si kitu. Toka mjini hadi Rongai saa kumi na mbili jioni utafanya hivyo mara ngapi? Mimi niliacha kuhesabu.

Sasa haki itendeke. Kuna watu ambao ningewaambia wavinunue bila kusita. Rafiki yangu mmoja ana futi sita na inchi tatu. Kwenye kruza yenye kiti cha sentimita 70 na vikanyagio vya kati, magoti yake yalikuwa yanagonga viwiko kila akigeuza usukani, na mguu wa kulia ulikuwa unaungua karibu na eksozi. Goti lake moja liliumia zamani kwenye mpira, likikunjwa kwa dakika ishirini linaanza kuwaka moto. Aliposogeza miguu mbele aliacha kusimama kila kilomita hamsini kujinyoosha. Kwake yeye kile chuma ni kama miwani kwa asiyeona mbali. Na tukiwa wakweli, vya kati vina kero zao: ukiisukuma pikipiki kwa miguu kwenye maegesho, futresti zinakugonga miundi. Nina kovu.

Ninachopinga ni kuchagua kwa macho. Ubishi wangu na yule jamaa wa kazini ni huo tu. Yeye ana kimo changu, anaishi Rongai, na kruza yake aliinunua aende nayo kazini. Alichoona kwenye picha ni mtu mwingine, mrefu, kwenye barabara ya Arizona.

Kama unataka kujua bila kutumia shilingi, fanya hivi. Muombe mtu akushikie pikipiki isimame wima, usiiegemeze kwenye stendi kwa sababu utakaa upande. Kaa mahali unapokaa kweli, siyo pale unapokaa ukipigwa picha. Mbele ya injini, kila upande, panga matofali mpaka yafike kimo cha futresti unayotaka kununua na umbali wake, vipimo vyote viko kwenye maelezo ya muuzaji na kama haviko hilo nalo ni jibu. Weka visigino juu ya matofali. Sasa angalia goti. Lisinyooke kabisa. Libaki limekunjika kiasi kwamba unaweza kukanyaga kitu zaidi ya pale kisigino kilipo bila makalio kusogea. Hilo ndilo jaribio langu lote: makalio yakisogea, ni mbali mno. Kisha geuza usukani wote kushoto, wote kulia. Miguu ikiwa mbele, mwili unaegemea nyuma, na mkono wa nje unaweza usifike. Watu wengi hugundua kwamba wakisogeza miguu lazima wanunue na usukani mwingine, kisha nyaya ndefu zaidi za klachi na za mafuta, na bajeti imekwisha.

Kaa hivyo dakika kumi na tano. Chukua simu, soma habari, ongea na aliyekushikia (mnunulie soda). Dakika mbili kila kitu ni raha. Mgongo unaanza kusema baada ya kumi.

Ukipita hapo na bado unavitaka, basi nunua vilivyotengenezwa kwa modeli yako na mwaka wako, siyo vile vya "vinaingia zote". Uliza kama viungo vya gololi vinauzwa peke yake, maana vitalika. Uliza futresti ikigusa lami inakunjika au imechomelewa kwa nguvu. Isiyokunjika inaweza kuinyanyua pikipiki kwenye kona, na za mbele mara nyingi ziko chini na zimetokeza nje. Raba iwe na meno, mvua inanyesha. Na baada ya kufunga, kaa na spana robo saa kurekebisha kimo cha kikanyagio cha breki mpaka vidole vikikalie bila kuinua kisigino. Hiyo robo saa watu wengi hawaitumii, na ndiyo ingeniokoa mimi kule juu ya Kiserian kuliko kitu kingine chochote.

Tahadhari moja kwa wale watakaosema, basi nitaweka futresti za ziada tu kwenye kinga ya injini, za kunyooshea miguu barabara kuu. Mimi nimefanya hivyo. Zinafaa sana, na ni rahisi. Lakini hazina breki wala gia. Miguu ikiwa pale uko mbali na kikanyagio kuliko nilivyokuwa mimi siku ile. Ninazitumia mahali ninapoona barabara tupu kwa umbali mrefu, dakika tatu nne za kunyoosha magoti, kisha miguu inarudi nyumbani. Penye duka, penye mifugo, penye watoto wa shule, penye lori mbele, haziguswi.

Vile vya mbele fundi alivitoa. Vya kiwandani tulivipata kwa muuza vyuma vya kutumika baada ya wiki tatu za kutafuta, vimechakaa rangi lakini viungo vyake vizima. Siku ya kwanza nilijiona niko kwenye boda boda, nikacheka peke yangu. Ya pili nilipita matuta yote ya njia ya nyumbani nikiwa nimeinuka kidogo, na nilipofika nilikaa kwenye kompyuta bila kutafuta mto wa kuweka mgongoni.

Vyuma vyenyewe bado ninavyo, kwenye boksi chini ya kitanda, vimeng'arishwa. Jamaa wa kazini ameshaviulizia bei mara mbili na nimekataa kumuuzia :-) Ila kama wewe una futi sita na zaidi, una Drag Star 650, na uko tayari kuja na matofali yako mwenyewe tupime kwanza, tuongee.